Katoka wodini baada ya kuzidisha dawa, sasa ni kliniki au homiopathi? Nilivyolinganisha mimi

Kabla ya yote, kama sa hivi kuna mtu amelala hapo pembeni yako haamki ukimwita, anakoroma mkoromo usioeleweka, midomo imebadilika rangi, au kameza vidonge vingi hata kama anacheka na kuomba chai, acha kusoma tafuta bajaji muende hospitali. Hapo hakuna cha kulinganisha. Mi naongelea kinachofuata, mtu karudi nyumbani, kadhoofika, hela imeisha, na kila ndugu anakuja na ushauri wake, huyu arudi kliniki, yule homiopathi, ile tiba mbadala ya vichupa vya tuchembe na matone.

Kwetu ilikuwa baba mdogo. Ni fundi wa maboti Kibirizi, kwake Ujiji. Jino lilimshika, akanunua panado, yaani parasetamo, duka la kwanza, haikutuliza, jioni akaenda duka lingine akapewa vidonge vya maumivu ambavyo ndani kuna diklofenaki imechanganywa na parasetamo, na kwa kuwa alikuwa na mafua pia akawa anashushia na dawa ya mafua, nayo ina parasetamo. Majina matatu, maboksi matatu, rangi tatu, dawa ileile. Mtu mzima mwisho wake ni gramu 4 kwa masaa 24, yaani tembe 8 za miligramu 500, ukihesabu zote kwa pamoja, na yeye alikuwa anapita hapo kila siku bila kujua maana kichwani mwake anakunywa dawa tatu tofauti. Siku ya tatu anatapika, chakula hataki hata harufu. Mama mdogo akasema malaria. Kigoma hii kila kitu ni malaria kwanza. Zahanati waliyoanzia hawakuuliza katumia nini. Aliyemuokoa ni nesi wa hospitali aliyemwambia mama mdogo, "Mama, rudi nyumbani lete kila pakiti ya dawa utakayoikuta, hata tupu." Akarudi nazo kazifunga kwenye ncha ya kanga. Ndo zikahesabiwa.

Ubaya wa parasetamo ni ukimya wake. Siku ya kwanza mtu anaweza asiwe na kitu kabisa, au kichefuchefu tu, kumbe ini linaungua polepole, maumivu ya ubavu wa kulia juu yanakuja siku ya pili ya tatu, na kilele cha kuharibika kinaweza kuwa siku ya tatu hadi ya nne. Dawa yake ipo, inaitwa asetilisisteini, ikianza ndani ya masaa 8 tangu mtu ameze inalinda ini vizuri sana, na ukichelewa bado inasaidia kwa hiyo usikate tamaa ukabaki nyumbani. Sasa mtu wa Kalya au Buhingu anayesubiri boti aone kama ana nafasi ya kujaribu kwanza maziwa, maziwa hayazuii kitu hapo.

Basi, akatundikiwa dripu, akapona, akaruhusiwa. Akapewa tarehe za kurudi kupima ini na akaambiwa asiguse parasetamo mpaka waseme wao. Na jino likang'olewa, maana lile ndo lilikuwa chanzo na kila mtu alikuwa amelisahau.

Hapo ndo homiopathi ikaingia. Shemeji yake mmoja akamleta mtaalamu anayesema anasaidia "kutoa sumu ya dawa za hospitali". Elfu 30 kumuona, elfu 12 kila kachupa, vikawa viwili. Mi nikaitwa kwa sababu eti nimesoma. Nimefika nimekuta baba mdogo kakaa kwenye mkeka barazani, nikamwamkia, badala ya kuniitikia vizuri akaanza kulalamika kuhusu kahawa. Alikatazwa kahawa. Kwenye homiopathi wengi wanasema kahawa na vitu vya minti vinaua nguvu ya dawa, kwa hiyo hadi dawa ya meno kaambiwa abadilishe. Mzee wa Ujiji umkataze kahawa ya kijiweni na kashata yake jamani, ini halikumuuma kama hilo.

Kachupa ka kwanza ka kioo, ndani tuchembe tweupe kama uwele, tutamu. Maelekezo ni vitano chini ya ulimi, usivishike kwa mkono, mimina kwenye kifuniko. Lebo inasema Nux vomica 30C. Kachupa ka pili ni ka matone, kana mpira wa kufyonza, kameandikwa Chelidonium Q. Mama mdogo akasema, "We mwanangu hebu tusomee, hizi herufi za mwisho ni za nini?"

Hilo swali ndo ulinganisho wenyewe, na jibu lake sikulijua siku ile, nililijua wiki nzima baadaye baada ya kusoma usiku kucha.

Homiopathi ilianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann. Mwaka 1790 alikunywa dawa ya maganda ya mti wa kwinini akiwa mzima, akahisi kama ana homa ya malaria, akapata wazo kwamba kinachomletea mzima dalili fulani ndicho kitamponya mgonjwa mwenye dalili hizo, 1796 akaliandika. Walevi wetu wana falsafa hiyo siku nyingi, wanaita kuzimua, pombe ya jana inatibiwa kwa pombe ya leo asubuhi. Ila kwinini tunaijua sisi, inafanya kazi kwa sababu inaua vimelea na unaimeza ya kutosha. Livingstone aliyekutwa na Stanley hapahapa Ujiji 1871 alikuwa mtu wa kwinini, na yake haikuwa ya kuzimuliwa kwa maji mpaka ipotee.

Maana homiopathi inazimua hivi. Tone 1 la dawa kwenye matone 99 ya maji au spiriti, tikisa, hiyo ni 1C. Chukua tone moja la hiyo weka kwenye matone mengine 99, ni 2C. Unaendelea hivo mpaka 30C. Sasa vuta picha upo Bangwe unaangalia ziwa, Ziwa Tanganyika lina maji kama kilomita za ujazo 18,900, udondoshe tone moja la dawa humo na ukoroge lote mpaka Kongo, Burundi na Zambia, hapo ndo kwanza umepita 10C kidogo. Ukifika 13C bahari zote za dunia hazitoshi. 30C ni mbali huko sijui wapi. Kwa hiyo zile tuchembe tweupe ni sukari. Sisemi kwa kukejeli, ni sukari kweli. Nux vomica yenyewe ni mbegu yenye strikinini, ile sumu iliyokuwa ikiulia panya, na ingekuwepo kwa kiasi cha kueleweka mzee angepata taabu, ila haipo.

Lakini Q ni hadithi nyingine. Q ni dawa mama, haijazimuliwa, ni juisi ya mmea kwenye spiriti. X au D ni kuzimua kwa kumi kumi, kwa hiyo 1X, 2X, 3X bado kuna kitu ndani. Na huo mmea, Chelidonium, ukitumika wenyewe umeshahusishwa na watu kuumwa ini, homa ya ini isiyo ya virusi. Yaani mtu ini limetoka kuungua majuzi, anapewa matone ya mmea unaojulikana kusumbua ini, ndani ya spiriti. Baba mdogo aliokoka kwa pua yake. Alifungua kizibo akanusa akanirudishia, "Hii pombe hii. Mi sisali swala tano ili nije nimalizie na hiki." Hakugusa tena. Mi nilikuwa na lebo na intaneti, yeye alikuwa na pua, akaniwahi.

Kwa hiyo mtu akikuambia "homiopathi haina madhara" muulize herufi gani. C yenye namba kubwa haina madhara kwa sababu haina kitu. Q na X yenye namba ndogo zina kitu, na unatakiwa umwambie daktari kama unavyomwambia dawa nyingine yoyote.

Sasa tuweke pembeni kwa pembeni kwa huyu mgonjwa wa ini.

Kliniki inakupa namba. Wanatoa damu, wanaangalia vimeng'enya vya ini na jinsi damu inavyoganda, wiki hii ipo juu wiki ijayo imeshuka, unajua unaenda wapi, na ikipanda wanakushika mapema. Wanakuambia pia dawa gani za maumivu usiguse na jino jingine likiuma ufanyeje. Hasara yake naijua, foleni kuanzia saa moja asubuhi, bodaboda kwenda na kurudi, na ukifika kwa daktari ni dakika tano hajakuangalia usoni. Baba mdogo alisema, "Yule anaongea na karatasi."

Homiopathi ilimpa saa nzima. Ukweli lazima niuseme, yule mtaalamu alikaa naye akamuuliza analala vipi, anaota nini, anapenda joto au baridi, anaogopa nini tangu atoke wodini. Na mzee akasema kitu ambacho sisi watoto hatukukijua, kwamba anaogopa kulala kwa sababu anadhani hataamka. Hakuna aliyemuuliza kabla. Hiyo ina thamani, siwezi kuibeza. Ila ukiangalia kilichomsaidia hapo ni kuulizwa, kachupa kalikuja mwishoni tu kama risiti. Na kuulizwa unaweza kuulizwa na mshauri nasaha wa hospitali ukimuomba, na shehe, na mchungaji, na mtoto wako mwenyewe akiacha simu nusu saa.

Kuna kitu kimoja kinawachanganya watu wengi sana na ndo kinafanya hizi chupa zisifiwe. Ini la mtu aliyenusurika na parasetamo kwa kawaida linajirudi lenyewe, linaota upya likarudi zima kabisa. Wiki chache mtu ananawiri, anakula ugali na migebuka, macho meupe. Kipindi chote hicho alikuwa anakunywa nini? Kama ni homiopathi basi homiopathi imemponya, kama ni mlonge basi mlonge, kama ni asali na maji ya uvuguvugu basi ni hiyo. Ini limefanya kazi, kachupa kamechukua sifa na elfu 12. Ndo maana ushuhuda wa jirani "mimi nilipona" kwenye hili suala usiutegemee, sio kwamba anadanganya, kweli alipona.

Waliopima kwa kufananisha hawakukuta kwamba homiopathi inatibu. Baraza la utafiti wa tiba la Australia mwaka 2015 lilipitia tafiti zilizopo likasema hakuna ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homiopathi inautibu. England huduma ya afya ya taifa ilishauri 2017 madaktari waache kuiandika, Ufaransa bima ya serikali iliacha kuilipia kuanzia 2021, na WHO walishaonya 2009 isitegemewe kwa malaria, TB, ukimwi na kuhara kwa watoto wadogo. Upande wa pili ni haki niseme India ina vyuo vyake na watu wanaisomea miaka mitano na nusu, na hapa kwetu tiba mbadala ina baraza lake la kusajili, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muulize mtaalamu cheti chake. Ila cheti kinasema mtu karuhusiwa kufanya kazi, hakisemi chupa inafanya kazi.

Hela yenyewe, kwetu kliniki ilikuwa nauli na kipimo, homiopathi elfu 54 kwa siku moja. Kilichoniuma zaidi ya hela ni siku. Yule mtaalamu alipanga arudi Jumanne, na Jumanne ndo kliniki ya ini. Alipoambiwa akasema kliniki isubiri wiki mbili "mwili utulie". Hapo ndo niligoma mimi. Mtu anayekupa sukari anaweza kuvumilika, mtu anayekuhamishia tarehe ya kipimo hapana.

Nikaja kugundua hesabu hii inabadilika kabisa kwa mgonjwa wa aina nyingine. Gungu kuna kijana wa jirani, alikuwa Dar miaka kadhaa, karudi na unga, yaani heroini. Alizima chooni siku moja, wenzake wakammwagia maji na kumlazimisha maziwa, vitu viwili ambavyo havisaidii na maziwa yangeweza kumpalia akafa kwa hayo. Mtu aliyezimika kwa unga anakufa kwa sababu kuvuta pumzi kunapungua mpaka kunasimama, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Msaada ni kumpulizia pumzi, kama anapumua kumlaza ubavu, na kumkimbiza apate naloksoni. Naloksoni inaamsha ndani ya dakika chache ila inakaa kama dakika 30 hadi 90 tu, unga unaweza kukaa zaidi yake, kwa hiyo anaamka na arosto, yale mateso ya kukosa unga, anatukana manesi, anataka kuondoka, na mkimruhusu anazima tena njiani. Mama yake alikaa mlangoni pale wodini kakunja miguu akasema utapita juu yangu.

Naye nyumbani akaletewa tuchembe tweupe, za "kuondoa hamu". Hapa mi msimamo wangu ni mkali zaidi kuliko kwa baba mdogo, japo chupa ni ya sukari ileile. Ini linajirudi lenyewe. Hamu ya unga haijirudi yenyewe. Na kibaya ni kwamba mwili unasahau haraka, akikaa siku kadhaa bila kutumia, iwe soba hausi (nyumba ya kuachia unga), mahabusu au kwao chumbani, ule uwezo wa kuhimili unashuka, alafu siku akiteleza anarudi na kipimo chake cha zamani, hicho kipimo ndo kinaua. Kwa hiyo familia inayoamini "anatumia dawa ya homiopathi, yuko vizuri" imelala usingizi kipindi kile ambacho hatari ndo iko juu. Sukari haimlindi hapo hata kidogo.

Kinacholinda kipo, ni metadoni. Tanzania ilianza Muhimbili 2011, baadaye mikoani, Mbeya, Mwanza, Dodoma, unakunywa kila siku mbele ya mhudumu na ni bure, inakata arosto ili mtu aweze kufanya kazi na kulala. Tatizo ni neno "kila siku", kwa mtu wa Kigoma huwezi kupanda treni ya Dodoma kila siku. Mama yake alienda Maweni, hospitali ya mkoa, kuuliza waelekezwe wapi, na wakaishia kumuhamishia kijana kwa mjomba wake Mwanza. Ni gharama na ni kujitenga, sitaki kuipamba. Ila ukiniuliza hela ya familia iende wapi, iende kwenye chumba cha Mwanza.

Mitishamba sitaikalia sana, hiyo ina kitu ndani na hujui ni kiasi gani, kwa mgonjwa wa ini iache kabisa mpaka vipimo vitulie. Pombe usiniulize. Uji, samaki, matunda, maji, usingizi, hivyo ndo "saporti" yenyewe na vinauzwa sokoni Mwanga bila lebo.

Kama pamoja na yote bado mgonjwa anataka homiopathi, na wapo wanaotaka kwa moyo mmoja, mi siwezi kumnyang'anya mtu kitu kinachompa amani. Achukue ya C peke yake, yenye namba kubwa, asichukue matone, amuoneshe daktari chupa, na siku ya kliniki isiguswe na mtu. Mtaalamu akisema acha metadoni, acha dawa ya hospitali, ruka kipimo, inuka uondoke hata kama umeshalipa. Na kama dozi ilizidishwa makusudi, usimuache peke yake wiki hizo, dawa za nyumbani zifungiwe, na aonane na watu wa afya ya akili, maana hapo kinachouma sio ini. Najua watu wanaficha kwa kuogopa polisi na midomo ya mtaa. Mwambieni daktari ukweli wa idadi na saa, bila hivyo anatibu gizani.

Kachupa ka Q tulikapeleka kule kalikonunuliwa wakakataa kurudisha hela, kakaishia chooni. Tuchembe tweupe wajukuu walitumaliza wakidhani ni pipi, na hakuna aliyefanywa chochote na tuchembe hizo, mama mdogo ndo alicheka siku hiyo mara ya kwanza tangu mumewe alazwe. Kipimo cha tatu namba zilikuwa zimerudi kawaida. Baba mdogo alimuuliza daktari swali moja tu, kahawa je, daktari akasema kunywa tu mzee, kahawa haina ugomvi na ini lako. Kutoka pale hakupitia nyumbani.